Tulimtibu mama bila ya kumuuliza

Daktari wa zamu alikimimina kikapu cha ukili cha mama juu ya shuka la kitanda cha wodi, akaanza kuhesabu vilivyotoka humo. Dawa zilikuwa saba. Palikuwa na pakiti mbili za vidonge vya maumivu zenye majina mawili tofauti, vidonge vingine vilivyofungwa katika karatasi isiyo na maandishi, kopo la unga wa mitishamba, chupa ya vidonge vya kurudisha gegedu, chupa ya mafuta ya samaki, na mwisho kabisa dawa ya shinikizo la damu, ambayo ndiyo pekee aliyoandikiwa hospitalini. Daktari akauliza, bila ya ukali, "Nani aliyempa mama dawa hizi?"

Wawili kati yetu tulikuwapo pale, na wawili walikuwa wakisikiliza kwa simu. Kila mmoja alizijua za kwake, na hakuna aliyezijua za wenzake. Ukimya ulipozidi, mkubwa wetu akajibu kwa neno moja: "Sisi."

Ulikuwa usiku wa kuamkia siku ya tisa ya Ramadhani, mwaka juzi. Tunayaandika haya kwa idhini ya mama. Tumemsomea kila aya, naye ametutaka tufiche jina lake na mtaa wake, na yaliyobaki tuyaache kama yalivyokuwa, kwa kuwa anaamini kwamba ziko nyumba nyingi zenye kikapu kama chake.

Sisi ni ndugu wanne. Mkubwa wetu yuko Dar es Salaam, dada anayemfuata ameolewa Muscat, wa tatu ni mwalimu wa shule hapa Tanga, nyumba ya pili kutoka kwa mama, na kitinda mimba anauza vipuri vya magari Mombasa. Baba alitangulia mbele ya haki miaka tisa iliyopita. Mama, ambaye mwaka ule alikuwa na umri wa miaka 67, alitulea kwa kazi mbili. Asubuhi alipika vitumbua na maandazi ya kuuza, na baada ya Alasiri akasomesha Qur'ani wanawake na wasichana wa mtaani. Kazi zote mbili zilifanyika chini. Vitumbua vilipikwa akiwa juu ya kigoda mbele ya jiko la mkaa, nazi zilikunwa juu ya mbuzi, nguo zilifuliwa kwa kuchutama mbele ya karai, na chuo kilikuwa mkekani. Kwa zaidi ya miaka 30 magoti yake yalikunjwa tangu alfajiri, yakakunjuliwa alipolala.

Maradhi yalikuja polepole, kiasi kwamba hakuna kati yetu anayeweza kutaja mwaka yalipoanza. Tulianza kumwona akishuka ngazi kwa ubavu, mguu mmoja ukiufuata mwingine kama mtoto anayejifunza. Asubuhi goti lilikuwa limeganda, na baada ya dakika chache za kutembea likalegea. Alipoinuka kutoka kwenye tahiyatu tulimsikia akisema "Yaa Latwif" kwa sauti ya chini, na goti lenyewe likilia kama mlango uliokosa mafuta. Tulipomuuliza alisema, "Uzee huu, wanangu."

Alikuwa na hoja, na hoja yake ilitoka chuoni. Imepokewa kwamba mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo wajitibu, naye akawaamrisha watafute tiba, akawaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa maradhi mamoja: uzee. Mama aliishika sehemu ya mwisho ya mafundisho hayo, akayatia magoti yake humo. Sisi tuliishika sehemu ya mwanzo, ile ya kutafuta tiba, na tukaishika vibaya.

Kila mmoja alitafuta kwake. Mkubwa wetu alielezea hali ya mama kwenye duka la dawa, akauziwa diklofenaki, na tangu hapo akawa anampelekea pakiti kila mwezi kwa basi. Dada yetu alisikia kwa majirani zake wa Muscat habari za kidonge kinachomwinua mtu kitandani, akakituma kwa kila msafiri aliyekuwa akija Tanga. Kitinda mimba alileta unga wa mitishamba uliosifiwa kuwa unaondoa maumivu kwa siku tatu, na kweli uliyaondoa kwa siku tatu, jambo ambalo lilipaswa kututia shaka badala ya kutufurahisha. Yule aliyekuwa karibu, mwalimu, ndiye aliyemnunulia vidonge vya karatasi usiku maumivu yalipozidi. Hivyo vilikuwa ibuprofeni. Hatukuwa watoto wabaya. Kila Ijumaa tulipiga simu, tukauliza, "Mama, dawa umekunywa?" Naye, kwa kuwa hakutaka kumvunja moyo yeyote katika sisi, alizinywa zote.

Ramadhani ilipoingia alizidisha. Kwa miaka mingi amekuwa akiswali tarawehe na wanawake wa chuo chake katika safu ya mbele, na asilimia kubwa ya wanawake wale ndiye aliyewafundisha kisimamo chenyewe. Hakuweza kujiona ameketi nyuma yao. Kwa hiyo alimeza vidonge wakati wa futari ili asimame, na akameza vingine wakati wa daku ili afike Adhuhuri. Siku ya sita alipata choo cheusi kama lami, akakinyamazia. Siku ya nane, katikati ya rakaa, alianguka.

Hospitalini damu yake ilipimwa ikaonekana imeshuka mno. Aliongezewa chupa mbili, na alipopitishiwa kamera tumboni vilionekana vidonda viwili vilivyokuwa vikivuja. Daktari alizichukua zile pakiti mbili, ya Dar es Salaam na ya Muscat, akaziweka sambamba, akatuonyesha maandishi madogo yaliyo chini ya jina la biashara. Zote mbili zilikuwa diklofenaki. Mama alikuwa akinywa dawa moja mara mbili kwa majina mawili, na juu yake ibuprofeni, ambayo ni ndugu yake wa karibu.

Alitufafanulia jambo ambalo tungelijua mapema lingetuepusha na mengi. Dawa za kundi hili hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali za mwili zinazoleta uvimbe. Lakini kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo, na ndizo zinazosaidia damu kufika vizuri kwenye figo. Ukizizuia kwa siku chache ukiwa kijana mwenye afya, mara nyingi mwili hustahimili. Ukizizuia kwa miezi, kwa mtu aliyepita miaka 65 na mwenye shinikizo la damu, tumbo huweza kutoboka, figo huweza kuchoka na shinikizo hupanda. Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini vipimo vya shinikizo vya mama vilikuwa vikipanda mwaka mzima, nasi tukidhani dawa yake imekwisha nguvu.

Kuhusu unga wa kopo hakuweza kusema kitu, kwa kuwa hakuna anayejua kilichomo. Alitukumbusha tu kwamba mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa maonyo juu ya bidhaa za viungo zilizouzwa kama za asili, ambazo zilipopimwa zilikutwa zimetiwa diklofenaki na deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Mitishamba inayoondoa maumivu ya miaka kwa siku tatu inastahili kuulizwa imechanganywa na nini. Na aliyekwisha kuitumia kwa muda mrefu asiiache ghafla kimyakimya. Amwambie daktari, maana mwili uliozoea steroidi huweza kudhoofika vibaya ukinyimwa kwa mara moja.

Mama alipopata nguvu, tulipelekwa kwa daktari wa mifupa. Tulikwenda tumejiandaa kuuliza dawa ipi iliyo bora. Daktari yule, kijana wa umri wa kitinda mimba wetu, alimwamkia mama, akavuta kiti karibu naye, akatuacha sisi tumesimama. Akamuuliza, "Mama, ungependa magoti haya yakufanyie nini?"

Katika miaka yote ile hatukuwahi kumuuliza hivyo. Tulimuuliza panapouma na tulimuuliza kama amekunywa dawa. Mama alifikiri, kisha akataja mambo matatu. Anataka kuswali bila ya kuogopa kuinuka. Anataka kurudi kukaa na wanafunzi wake. La tatu alilisema akitazama chini: anataka kwenda msalani bila ya kushikwa mkono.

Choo cha nyumba yetu kilikuwa cha kuchutama. Mama alieleza, mbele ya daktari na si mbele yetu kwa hakika, kwamba usiku hushika ndoo ya maji kwa mkono mmoja na ukuta kwa mkono wa pili, na kwamba ameshawahi kukaa humo karibu nusu saa akishindwa kuinuka, asiite mtu. Kwa ajili hiyo alikuwa amepunguza kunywa maji tangu Alasiri. Figo zilizokuwa zikibanwa na dawa zetu zilikuwa zikinyimwa na maji. Tulikuwa tumetumia fedha nyingi kwa dawa ya goti, na kilichokuwa kikimtesa zaidi mama yetu ni tundu la choo, ambalo fundi alilimaliza kwa siku mbili. Aliweka choo cha kukaa na bomba la chuma ukutani la kujishikia. Tunakiri kwamba hakuna dawa tuliyomletea iliyomfurahisha kama bomba lile.

Ndipo tukaanza kusoma maradhi yenyewe. Mtaani kila maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi, na mama alikuwa ameambiwa kwamba maji baridi ya udhu wa Alfajiri ndiyo yaliyomharibu. Baridi huweza kuongeza mkakamao, lakini haili gegedu. Maradhi yake yanaitwa osteoathraitisi. Katika kila kiungo, ncha za mifupa zimevikwa gegedu, tabaka nyororo linaloteleza na kupokea uzito. Katika maradhi haya gegedu hupungua na kupasuka, mfupa ulio chini yake hukakamaa, vijimfupa huota pembeni, ngozi ya ndani ya kiungo huvimba mara kwa mara, na misuli inayolishika goti hulegea kwa kuwa mtu anaepuka kutembea. Umri ni sababu moja. Nyingine ni uzito, jeraha la zamani, urithi, na kazi za kupiga magoti na kuchutama kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa wakiishi nayo, asilimia 60 kati yao wanawake, na goti ndicho kiungo kinachoshambuliwa zaidi.

Daktari alitutahadharisha pia tusiichanganye na maradhi mengine ya viungo. Goti linaloganda asubuhi kwa muda usiozidi nusu saa, likauma zaidi baada ya kazi na kutulia kwa kupumzika, huelekea kuwa osteoathraitisi. Viungo vingi vidogo vya vidole vinavyovimba pande zote mbili na kuganda kwa saa nzima au zaidi, hayo ni mambo mengine yenye dawa nyingine. Na kiungo kilichowaka moto ghafla, kikawa chekundu, pamoja na homa, kisisubiri hata usiku mmoja.

Picha ya eksirei ya mama ilionyesha nafasi ya goti la kulia imebana sana, na la kushoto ina nafuu. Ajabu ni kwamba la kushoto ndilo lililokuwa likimuuma zaidi. Daktari hakushangaa. Alisema picha na maumivu mara nyingi havilingani, na kwamba watu wengi huogopeshwa na maneno kama "mifupa inasagana" mpaka wakaacha kutembea, na kuacha kutembea kukawaumiza kuliko ile mifupa.

Nasi tulikuwa tumefanya hivyo hivyo. Baada ya hospitali tulimletea mama msichana wa kazi, tukamkataza kwenda sokoni, tukamkataza jikoni, tukamnunulia kochi laini. Tulidhani tunamhurumia. Katika miezi miwili mapaja yake yalipungua unene hata shuka la kujifunga likawa halikai vizuri, na kuinuka kukawa kugumu kuliko zamani. Mtaalamu wa fiziotherapia alipomwona alituambia kwamba gegedu halina mishipa yake ya damu, hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo huzunguka goti linapotembezwa. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayopokea sehemu ya mzigo kabla haujafika kwenye goti. Kumkalisha mama ni kumnyima vyote viwili.

Tiba ya kwanza, basi, ilikuwa mazoezi, na haikuuzwa dukani. Aketi kwenye kiti cha mbao, anyooshe mguu mmoja, auzuie hewani kwa hesabu ya tano, aushushe taratibu, mara kumi kila mguu. Kisha ainuke kitini na kuketi bila ya kutumia mikono, mara chache kwanza, baadaye mara kumi. Kisha kutembea, akianza na mzunguko wa nyumba. Mtaalamu alisema achague wakati usiosahaulika, na mama akayafunga mazoezi yake kwenye swala tano, baada ya nyiradi. Kanuni aliyopewa ni hii: maumivu yakiongezeka kidogo na yakatulia kufikia kesho yake, hakuna madhara, aendelee. Yakibaki juu siku ya pili, apunguze idadi, asiache. Wiki nne za kwanza hakuona kitu, akataka kuacha. Kufikia wiki ya nane aliinuka kitini akiwa na sahani ya futari mikononi, bila ya kufikiri, kisha akasimama akituangalia kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

Ya pili ni uzito. Watafiti waliopima mwendo wa watu wazima wenye magoti mabovu walikuta kwamba kila kilo moja anayopunguza mtu hulipunguzia goti mzigo wa takribani kilo nne kwa kila hatua. Mama alikuwa na kilo 88. Alipunguza wali wa nazi wa usiku, akaacha soda za wageni na sukari ya tatu kwenye chai, na vitumbua akawa anauza bila ya kuonja kila kikaango. Baada ya mwaka mmoja alikuwa na kilo 81. Kilo saba si nyingi kwa mizani, lakini kwa goti ni kama kutua gunia la kilo 28 katika kila hatua.

Ya tatu ni bakora. Aliikataa miezi mingi kwa kuwa aliiona ni alama ya kushindwa. Alipokubali aliishika mkono wa upande unaouma, kama wanavyofanya wengi, mpaka aliporekebishwa: bakora hushikwa mkono wa upande wa pili wa goti bovu, ikasonga mbele pamoja na mguu mbovu.

Dawa za maumivu hatukuziacha zote. Siku hizi anatumia jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana kulinganisha na kidonge, na kwa goti, ambalo liko karibu na ngozi, hufanya kazi vizuri. Hata hiyo, kwa ajili ya vidonda vyake, aliianza kwa ruhusa ya daktari. Parasetamoli humsaidia kidogo siku za safari, naye hazidishi kiwango. Vidonge vya kundi la diklofenaki na ibuprofeni amekatazwa kabisa. Kwa mtu asiye na vidonda, figo wala moyo mbovu, daktari huweza kuviandika kwa siku chache, pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Neno lenye uzito hapo ni "daktari", na la pili ni "siku chache".

Sindano ya steroidi gotini alipewa mara moja, alipovimba. Ilimpa wiki tano za raha. Tulitaka apigwe kila baada ya miezi mitatu, tukakataliwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watu 140 kwa miaka miwili. Waliopigwa sindano hiyo kila baada ya wiki 12 walipoteza gegedu zaidi kuliko waliopigwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa na tofauti ya maana. Mwenye kisukari ajue pia kwamba sindano hiyo hupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Chupa ya vidonge vya kurudisha gegedu ndiyo iliyotugharimu zaidi. Vidonge hivyo vya glukosamini na kondroitini vilijaribiwa Marekani kwa watu zaidi ya 1,500, na matokeo yake ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba kwa ujumla havikushinda kidonge kisicho na dawa. Gegedu lililokwisha halijapata kidonge cha kulirudisha. Kwa Muislamu liko na jambo la kuongeza: kondroitini huweza kutolewa kwenye gegedu la ng'ombe, la papa au la nguruwe, na gamba la kidonge huweza kuwa la jelatini. Anayetaka kununua asome kwanza maandishi.

Majirani walituletea bamia kwa wingi, kwa imani kwamba ute wake utajaza ute wa goti, na wengine supu ya makongoro. Bamia ni mboga njema, na tulizila. Lakini ute wake husagwa tumboni kama chakula kingine, hauna njia ya kwenda gotini. Hijama mama aliipenda na humpa nafuu ya siku kadhaa. Alizuiwa kuifanya mpaka damu yake iliporudi, naye alitii, akijua kwamba tiba ya Sunna haikuletwa ili imdhuru aliyepungukiwa na damu.

Liko na suala la upasuaji. Kubadilisha goti kunafanyika hapa nchini, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na kumbukumbu za nchi zinazosajili upasuaji huo zinaonyesha kwamba zaidi ya magoti manane kati ya kumi hudumu miaka 25. Kwa ambaye maumivu yanamnyima usingizi na mwendo, na aliyekwisha kufanya mengine yote, ni neema kubwa. Mama aliuliza swali moja: "Nitakaa tahiyatu?" Daktari alimjibu kwa uaminifu kwamba goti la bandia huondoa maumivu ya kutembea, lakini mara nyingi halikunjiki mpaka kisigino, na wengi huona tabu kulipigia magoti. Mama alisema atasubiri. Uamuzi huo ni wake, na huenda mwakani akaugeuza. Sisi tumejifunza kukaa kimya anapoamua.

Likabaki la swala. Imamu wa msikiti wetu alikuja nyumbani, akamkumbusha kisa cha Imran bin Huswain (r.a.), swahaba aliyekuwa na maradhi, ambaye Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza aketi, asipoweza alale kwa ubavu. Akamfahamisha kwamba katika fardhi asimame kiasi anachoweza, kisha aketi kwenye kiti kwa rukuu na sijda asizoziweza, sijda aiinamie zaidi kuliko rukuu. Ama tarawehe ni sunna, na sunna huswaliwa kwa kuketi hata na asiye na udhuru. Mama alikuwa amewafundisha wengine hukumu hizo kwa miaka 30. Alisikiliza, akalia. Alisema, "Niliwaruhusu watu wote isipokuwa mimi."

Ramadhani iliyofuata alikwenda tarawehe na kiti chake cha plastiki, akakiweka mwisho wa safu. Usiku wa kwanza alikuwa peke yake. Usiku wa tatu mwanamke mmoja wa umri wake alikuja na kiti, na mwingine akamfuata. Kufikia kumi la kati viti vilikuwa vitano, na wote watano ni wanawake ambao mwaka uliotangulia walikuwa wamesimama kwa maumivu, kila mmoja akimtazama mwenzake kuwa mzima.

Mama hajapona. Siku za mawingu huamka na goti zito, na akisafiri siku moja hupumzika siku ya pili. Lakini amerudi chuoni. Wanafunzi hukaa mkekani, yeye kitini, na anasema kutoka juu anawaona vizuri zaidi wanaosinzia.

Kwa wenzetu mlio mbali na wazazi, tunatoa nasiha moja. Kabla ya kutuma dawa, mpigie mzazi simu umuuliza ni jambo gani linalomshinda, kisha umnyamazie mpaka amalize. Umwombe mtu aliye karibu naye amimine kikapu, asome jina la dawa lililo chini ya jina la biashara, na orodha hiyo aipeleke kwa daktari mmoja. Ndugu wote wawe na nakala yake. Sisi yetu tumeibandika ukutani karibu na saa ya swala, na ina mistari mitatu tu.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa msaada kwa wazazi wetu. Amin.